Kati ya tukio na msomaji: waandishi wa Uingereza mbele ya mapinduzi, vita na marekebisho ya jamii

Wanafunzi wa lisansi katika idara za fasihi hukutana mapema na kauli isemayo kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kauli hiyo si ya uongo, ila ina haraka. Kioo humwonyesha mtu uso wake palepale anaposimama mbele yake. Kitabu hakina uwezo huo. Kitabu huandikwa siku moja, hupigwa chapa siku nyingine, hununuliwa kwanza na wenye fedha, na pengine humfikia yule aliyekusudiwa wakati mwandishi amekwisha kuzikwa. Makala haya yanakusudia kuitazama fasihi ya Uingereza, tangu Mapinduzi ya Kifaransa ya 1789 hadi miaka iliyofuata Vita Kuu vya 1914-1918, kwa kuuliza swali moja: jibu la mwandishi lilimfikia nani, lini, na kwa bei gani? Kwa hiyo kila andishi litakalotajwa tutalidai tarehe mbili, ile ya kuandikwa na ile ya kusomwa. Waandishi wengine mashuhuri tutawapita kimya, kwa kuwa nia yetu si kuwahesabu.

1. Hoja ya peni sita

Wengi wetu tulijifunza habari za 1789 kwa vitabu vya Kifaransa, tukiyatazama Mapinduzi kutoka Paris. Ukisimama London, picha hubadilika. Huko mfalme George wa Tatu alibaki kitini, na vita vya kwanza vilipiganwa kwa vitabu. Mnamo Novemba 1790 Edmund Burke, mbunge mzaliwa wa Ireland, alitoa kitabu chake juu ya Mapinduzi ya Ufaransa. Alitetea urithi, kanisa na desturi za kale, akaonya kwamba taifa linalobomoa nyumba nzima ili lijenge upya litaangukia mikononi mwa jemadari. Napoleon alipotwaa madaraka mwaka 1799 onyo hilo lilionekana kutimia, lakini Burke mwenyewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mary Wollstonecraft alimjibu kabla ya mwezi ule wa Novemba kwisha, kwanza bila kutia jina lake. Mwaka 1792 akatoa utetezi wa haki za wanawake, kitabu ambacho kimeishi kuliko vingi vya mjadala ule.

Jibu lililotikisa serikali lilitoka kwa Thomas Paine, mtu aliyewahi kuwa mtoza ushuru. Sehemu ya kwanza ya «Rights of Man», yaani haki za binadamu, ilitoka mwaka 1791 kwa bei ya shilingi 3. Mchapishaji wa kwanza, Joseph Johnson, alikwisha kuipiga chapa, kisha akaogopa na kuiondoa. Ikabidi mwingine aichukue. Sehemu ya pili ilitoka mwanzoni mwa 1792, na baada ya hapo zikaja nakala za bei nafuu, za peni 6. Hapo ndipo serikali ilipochukua hatua. Mwezi Mei lilitolewa tangazo la mfalme dhidi ya maandishi ya uchochezi, na mwezi Desemba Paine alihukumiwa mjini London, mwenyewe akiwa Ufaransa, ambako alikuwa amechaguliwa mjumbe wa Bunge la mapinduzi.

Hotuba ya mwanasheria mkuu wa serikali katika kesi hiyo yafaa kusomwa na kila mtu anayefundisha historia ya fasihi. Alieleza bila kuficha kwamba sehemu ya kwanza aliiacha kwa kuwa alidhani itabaki mikononi mwa wasomaji wenye busara, ambao wangeikanusha wenyewe walipokuwa wakiisoma. Ya pili, alisema, ilikuwa ikisukumwa kwa kila namna mikononi mwa watu wa kila aina, hata peremende za watoto zikafungwa katika karatasi zake. Basi neno lilelile lililovumiliwa kwa shilingi 3 lilikuwa jinai kwa peni 6.

Upande wa pili wa jambo hilo huonekana kwa William Godwin. Kitabu chake kikubwa juu ya haki ya kisiasa, kilichotoka Februari 1793, kilikuwa na hoja kali kuliko za Paine, kwani kilidai kwamba serikali yoyote ile ni ubaya utakaokwisha kadiri akili ya watu inavyokomaa. Kilikuwa juzuu mbili, bei yake pauni 1 na shilingi 16. Kwa fedha hizo mtu angeweza kununua nakala 72 za Paine za peni 6. Husimuliwa kwamba Waziri Mkuu Pitt alikataa kumshtaki Godwin kwa sababu kitabu cha bei kama hiyo hakiwezi kuwadhuru watu wasio na shilingi tatu za ziada. Ni masimulizi ya jamaa ya Godwin, tuyapokee hivyo. Lakini wafanyakazi walikuwa na dawa yao: walichanga, wakanunua nakala moja, wakasomeana kwa sauti. Yeyote aliyewahi kuchanga na wenzake ili wapate silabusi moja ya kozi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Godwin aliliona pengo hilo. Mwaka 1794 alihamishia hoja yake katika riwaya ya «Caleb Williams», hadithi ya mtumishi anayegundua siri ya mauaji ya bwana wake na kuwindwa nchi nzima kwa sheria ileile ambayo ingemlinda. Riwaya ilitoka Mei mwaka huo, mwezi uleule ambao fundi viatu Thomas Hardy, katibu wa chama cha wafanyakazi wa London kilichodai haki ya kura, alikamatwa kwa shtaka la uhaini. Wauza vitabu waliingiwa na hofu, na dibaji iliyoeleza nia ya mwandishi ikaondolewa. Ilirudishwa katika toleo la pili tu, Hardy na wenzake walipokuwa wamekwisha kuachiliwa huru. Wasomaji wa kwanza walipata hadithi bila ufunguo wake.

Wengine hawakupata hata hadithi. William Blake, mchongaji nakshi na mshairi, alitunga mwaka 1791 utenzi juu ya Mapinduzi ya Ufaransa uliokusudiwa kuwa na vitabu saba. Kitabu cha kwanza kilipangwa herufi katika kiwanda cha Johnson, mchapishaji yuleyule aliyemwogopa Paine, kikaishia hapo. Imebaki seti moja tu ya karatasi za majaribio, na umma uliweza kuusoma utenzi huo mwaka 1913. Tusimcheke Johnson kwa woga wake: mwaka 1799 alifungwa gerezani kwa kuuza kijitabu cha mtu mwingine.

William Wordsworth naye aliishi Ufaransa kuanzia mwishoni mwa 1791 hadi mwishoni mwa 1792. Alirudi akiwa mwanajamhuri, akaandika mwaka 1793 barua ndefu ya kumjibu askofu mmoja aliyeyalaani Mapinduzi. Hakuichapisha, ilichapishwa mwaka 1876. Utenzi wake mkubwa wa maisha yake, unaoeleza furaha ya kijana aliyeona dunia ikifanywa upya na kisha uchungu wa kuona damu na vita, ulikamilika mwaka 1805. Kipande kifupi kilitolewa mwaka 1809 katika jarida la rafiki yake Coleridge. Uliobaki aliurekebisha kwa miaka na miaka, akiulainisha, mpaka ukatoka mwaka 1850, miezi michache baada ya kifo chake. Matini ya 1805, yenye ukali wa awali, ilipigwa chapa mwaka 1926. Kwa hiyo tunapowaambia wanafunzi kwamba utenzi huo ni sauti ya kizazi cha Mapinduzi, yafaa tuongeze kwamba kizazi hicho, isipokuwa marafiki wachache waliosomewa sebuleni, hakikuisikia.

2. Maandishi yanayomfuata mwandishi

Kisa cha Robert Southey ni kinyume cha hicho, nacho kina uchungu wake. Mwaka 1794, akiwa kijana wa miaka 20 anayeshabikia Mapinduzi, alitunga tamthilia juu ya Wat Tyler, kiongozi wa maasi ya wakulima wa Kiingereza ya 1381. Mswada ulikabidhiwa kwa wachapishaji, haukutolewa, naye akausahau. Miaka ikapita, mawazo yake yakageuka, na mwaka 1813 akafanywa malenga wa mfalme. Februari 1817, wakati serikali ikizima mikutano ya wadai mageuzi na Southey akiiunga mkono kwa kalamu, tamthilia ile ikatokea madukani London bila ridhaa yake. Mwezi uliofuata mbunge mmoja alisimama Bungeni na kusoma maneno ya kijana wa 1794 pamoja na makala ya hivi karibuni ya malenga wa mfalme, ili wabunge walinganishe.

Southey alikwenda mahakamani kuomba uuzaji usimamishwe. Jaji mkuu, Lord Eldon, alikataa kwa hoja ambayo wakili yeyote angeistaajabia: andishi la uchochezi haliwezi kuwa mali ya mtu, kwa hiyo sheria haina cha kulinda. Uamuzi uliotolewa na mhafidhina mkubwa ukafungua mlango kwa kila mpiga chapa maskini kutoa nakala za bei ya chini, na tamthilia hafifu ya kijana ikawa, kwa mauzo, andishi lililoenea kupita lolote ambalo Southey aliwahi kutunga.

Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Agosti 1819, umati wa watu wapatao 60,000 ulikusanyika katika uwanja wa St Peter mjini Manchester kudai uwakilishi Bungeni. Askari wa farasi waliwaingilia kwa panga. Watu wasiopungua 11 waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Magazeti yaliupa mkasa huo jina la Peterloo, kwa kejeli juu ya ushindi wa Waterloo wa 1815. Percy Bysshe Shelley alipata habari akiwa Italia mwanzoni mwa Septemba. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amemaliza shairi refu, «The Mask of Anarchy», lenye mizani nyepesi na vina vinavyokaa masikioni, ili watu wa kawaida walishike kwa moyo, na alikuwa amelituma London kwa Leigh Hunt, mhariri wa gazeti la The Examiner.

Hunt hakulichapisha. Alikuwa amekwisha kukaa gerezani miaka miwili, 1813 hadi 1815, kwa kumkashifu mtawala mwana wa mfalme, na Desemba 1819 Bunge lilipitisha sheria sita za kubana mikutano na magazeti, mojawapo ikieneza ushuru wa stempu, peni 4 kwa kila nakala, kwa vijigazeti vya bei nafuu vilivyokuwa vikisomwa na mafundi. Shelley alikufa maji mwaka 1822. Hunt alilitoa shairi mwaka 1832, mwaka ambao Bunge lilikubali hatimaye sheria ya kupanua haki ya kura, akieleza katika dibaji yake kwamba mwaka 1819 umma haukuwa bado tayari kuupokea ukweli wa moyo wa mtungaji. Msomaji anaweza kuukubali udhuru huo au kuukataa. Sisi tunaona kwamba Hunt aliujua mlango wa gereza kuliko Shelley aliyekuwa mbali, ila pia kwamba umma uliopigwa panga haukuulizwa kama uko tayari.

3. Ripoti ya serikali kama chanzo cha ushairi

Katika miaka ya 1840 mambo yanageuka. Pengo kati ya tukio na kitabu linapungua, na sababu yake ni ya ajabu kidogo: serikali yenyewe imeanza kuchapisha mashahidi. Tume za Bunge zilitumwa migodini na viwandani kuhoji wafanyakazi, na majibu yao yalitolewa katika majalada makubwa yaliyoitwa kwa rangi ya jalada lao vitabu vya buluu. Katika ripoti ya 1842 juu ya watoto migodini yumo binti wa miaka 8, wa mgodi wa makaa huko Yorkshire, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa peke yake akifungua na kufunga mlango wa hewa. Alimwambia mkaguzi kwamba akiwa na taa huimba mara nyingine, lakini gizani hathubutu. Kwa sisi tulio karibu na nchi ya migodi, ushahidi wa namna hiyo hauhitaji mapambo. Mwaka uleule Bunge lilikataza wanawake na wavulana walio chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi.

Mmoja wa wakaguzi wa tume hiyo, R. H. Horne, alikuwa mtu wa fasihi na rafiki wa kuandikiana barua wa Elizabeth Barrett, mshairi mgonjwa aliyekuwa hatoki chumbani mwake London, binti wa ukoo uliotajirika kwa mashamba ya watumwa Jamaica. Barrett hakuwa ameingia kiwandani hata siku moja. Alisoma ripoti, na Agosti 1843 shairi lake «The Cry of the Children», ambamo watoto wenyewe ndio wanaosema, lilitoka katika jarida la Blackwood's, lililokuwa la wahafidhina. Jarida hilo lilisomwa na wenye viwanda na wenye kura, sio na wasokota pamba; na hao hasa ndio waliopaswa kuaibishwa. Sheria ya saa kumi za kazi kwa wanawake na vijana ilipitishwa mwaka 1847. Hatusemi kwamba shairi ndilo lililoipitisha. Sheria hiyo ilipiganiwa na vyama vya wafanyakazi kwa miaka mingi. Tunasema kwamba safari hii shairi lilifika wakati mjadala ungali moto.

Charles Dickens alisoma ripoti hizohizo mapema mwaka 1843 na akapanga kuandika kijitabu cha kuwatetea watoto wa maskini. Kisha akabadili nia, akamwambia mtu aliyempelekea ripoti angoje mwisho wa mwaka, kwani pigo lingekuwa zito mara nyingi zaidi. Kilichotoka Desemba ni «A Christmas Carol», hadithi ya bahili na mizimwi, na nakala 6,000 za kwanza zilikwisha kabla ya Krismasi. Bei yake ilikuwa shilingi 5, ambayo mfanyakazi hakuimudu. Lakini maigizo yalikuwa jukwaani ndani ya majuma machache, na hadithi ikasafiri kwa masikio. Wakati huo wasomaji hawakujua kwamba Dickens mwenyewe, akiwa na miaka 12, alitumwa kubandika lebo katika kiwanda cha rangi ya viatu baba yake alipofungwa kwa deni. Alilificha jambo hilo maisha yake yote; lilijulikana mwaka 1872, miaka miwili baada ya kifo chake, katika wasifu ulioandikwa na rafiki yake John Forster.

Elizabeth Gaskell, mke wa mchungaji mjini Manchester, aliwaona wafanyakazi kwa karibu. Riwaya yake «Mary Barton» ya 1848 ina mhusika, John Barton, anayekwenda London na ujumbe wa mwaka 1839 kupeleka Bungeni ombi la haki ya kura. Bunge linakataa kuwasikiliza. Anarudi nyumbani mtu mwingine, na mwishowe anamwua mwana wa mwenye kiwanda. Gaskell alitaka riwaya iitwe kwa jina la Barton huyo, lakini jina lililokubaliwa na mchapishaji ni la binti yake, na pamoja na jina macho ya msomaji huhamia kwenye mapenzi. Hata hivyo matajiri wa Manchester walilalamika. Huruma ya Gaskell ni ya kweli. Lakini anapolazimika kuusogelea umati wenye hasira, kalamu yake husitasita, kama ilivyo kwa Dickens. Washairi wa wafanyakazi wenyewe, waliochapishwa katika gazeti la The Northern Star na kusomwa kwa sauti karakanani, hawakusitasita namna hiyo, nao ndio walioachwa nje ya mikusanyo ya shule kwa muda mrefu.

4. Vita: nani huchapishwa upesi

Vita vya Crimea vinatupa kipimo kizuri. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava, kikosi cha farasi cha Kiingereza kilishambulia mizinga ya Warusi kwa sababu ya amri iliyoeleweka vibaya. Habari zilichapishwa London katikati ya Novemba, na tarehe 9 Desemba shairi la Alfred Tennyson, malenga wa malkia, lilikuwa limekwisha kutoka. Wiki sita tu! Tena lilitoka katika The Examiner, gazeti lilelile lililolihifadhi shairi la Shelley sandukuni. Zamani zilikuwa zimebadilika, mhariri naye alikuwa mwingine. Lakini shairi la Tennyson, ijapokuwa halifichi kwamba kulikuwa na kosa, huwasifu askari kwa kutii bila kuuliza. Utii hauhitaji kungoja.

Mwaka 1914 serikali haikuwangoja hata washairi waandike. Mwezi Septemba C. F. G. Masterman, aliyekabidhiwa ofisi ya siri ya propaganda, aliwaita waandishi wapatao 25, miongoni mwao Thomas Hardy, H. G. Wells na Arthur Conan Doyle, ili kalamu zao zitumike. Soneti za Rupert Brooke, zilizokifanya kifo cha askari kuwa zawadi safi kwa nchi yake, zilisomwa hata mimbarani: Pasaka ya 1915 mmoja wao ulitajwa katika kanisa kuu la St Paul's, majuma matatu kabla Brooke hajafa kwa ugonjwa akiwa njiani kwenda Gallipoli.

Isidhaniwe kwamba kilio cha upande wa pili kilizibwa chote. Siegfried Sassoon, ofisa aliyepewa nishani kwa ushujaa, alichapisha mashairi yake makali mwaka 1917 na 1918, vita vikiendelea. Julai 1917 alitoa tamko la kukataa kuendelea kupigana, likasomwa Bungeni. Jeshi halikumfunga, lilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Craiglockhart karibu na Edinburgh, njia ya werevu ya kumfanya mtu asisikilizwe. Hapo alikutana na Wilfred Owen. Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, na simu ya kifo chake ilimfikia mama yake tarehe 11, siku ya kusimamisha vita. Mashairi aliyoyachapisha uhaini mwake yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mkusanyo wake ulitoka mwaka 1920, na kuenea kwake hasa kulifuata toleo la 1931. Watu wanaposema leo kwamba Owen aliieleza Uingereza ukweli wa mahandaki, wasisahau kwamba aliieleza Uingereza ya baada ya vita. Masimulizi ya nathari yalichelewa zaidi: Edmund Blunden mwaka 1928, Robert Graves mwaka 1929, Vera Brittain, aliyekuwa muuguzi, mwaka 1933.

Aliyeadhibiwa waziwazi ni mwanamke ambaye wachache humjua. Rose Allatini alitoa mwaka 1918, kwa jina la bandia la kiume, riwaya ya «Despised and Rejected» juu ya watu waliokataa kupigana kwa ajili ya dhamiri zao na juu ya mapenzi yasiyokubaliwa na jamii. Mahakama ilikipiga kitabu marufuku kwa sheria ya ulinzi wa nchi na kumtoza mchapishaji faini. Kilichapishwa tena mwaka 1975.

5. Majina yaliyofutwa

Mfano wa mwisho unatangulia Vita Kuu kwa tarehe. Tumeuweka hapa kwa makusudi, kwa kuwa unatuhusu. Joseph Conrad, Mpolandi aliyeandika kwa Kiingereza, alifika katika Dola Huru la Kongo Juni 1890, na mwezi Septemba alikuwa Stanley Falls, Kisangani ya leo, ambako Tippu Tip alikuwa amewekwa liwali tangu 1887. Hadithi yake «Heart of Darkness» ilitoka katika Blackwood's, jarida lilelile la Elizabeth Barrett, mwaka 1899, na katika kitabu mwaka 1902. Ni mwaka huohuo wa 1902 ambao Heinrich Brode alianza kuchapisha mjini Berlin maisha ya Tippu Tip kwa Kiswahili, kama alivyoyaandika mwenyewe. Matini mbili za mto mmoja, moja ikisomwa na dunia nzima, nyingine ikibaki kwa wataalamu wa lugha.

Katika hadithi ya Conrad Wakongo karibu hawasemi, jambo ambalo Chinua Achebe alilishutumu vikali katika mhadhara wake wa 1975. Walisema mahali pengine. Mwaka 1903 Roger Casement, konseli wa Uingereza ambaye Conrad alikutana naye Matadi mwaka 1890, alipanda mto na kuwahoji watu juu ya mpira, mateka na mikono iliyokatwa. Ripoti yake ilichapishwa Februari 1904, na mwezi uliofuata yeye na E. D. Morel walianzisha chama cha kudai marekebisho ya Kongo. Conrad alimpa Casement barua ya kuunga mkono, lakini hakujiunga. Conan Doyle alijiunga, na mwaka 1909 akatoa kitabu kizima juu ya jinai ya Kongo, mwaka mmoja baada ya Ubelgiji kuitwaa nchi kutoka kwa Leopold. Vita vilipokuja njia zao ziliachana: Casement alinyongwa London mwaka 1916 kwa kushirikiana na maasi ya Waireland, Doyle akimwombea msamaha na Conrad akikataa kutia sahihi, Morel alifungwa miezi sita mwaka 1917 kwa kupeleka vijitabu vyake nchi ya nje bila ruhusa.

Turudi kwenye ripoti. Kabla ya kuichapisha, wizara ya mambo ya nje mjini London iliondoa majina ya mashahidi na ya vijiji vyao, ikaweka herufi mahali pake. Ilihofia visasi juu ya mashahidi, na ilihofia pia matata ya kidiplomasia. Casement alilalamika kwamba ushahidi usio na jina umekatwa nguvu, naye alikuwa na haki: watetezi wa Leopold hawakukawia kusema kwamba herufi za alfabeti haziwezi kushtaki mtu. Kijana aliyekatwa mkono, mabinti waliokimbia na kusimulia jinsi wazazi wao walivyouawa, wakuu wa vijiji waliohesabu watu wao waliopotea, wote waliingia katika historia ya marekebisho wakiwa herufi. Toleo lililoirudisha ripoti kama Casement alivyoiandika, pamoja na majina, lilitolewa Dublin mwaka 2003.